Fyucha za kripto zikifika mwisho nani anamlipa nani, na kwa bei ya wapi? Wadau wa Dodoma tuelewane hapa

Mzee wa Nkuhungu

Habari za jioni wakuu.

Kuna swali linazunguka sana kwenye magrupu yetu ya hapa Dodoma, hasa kwa vijana wa UDOM na wale wa kukesha na bando la usiku, "mkataba wangu wa bitcoin unaisha Ijumaa, je wataniwekea bitcoin au hela?" Na anayejibu mara nyingi ni muuza signali ambaye naye hajui ila ana picha ya gari kwenye profaili. Nimeona nishushe uzi, mwenye cha kuongeza aongeze, mwenye cha kupinga apinge kwa hoja.

Kwanza kabisa mkataba wa fyucha sio bitcoin. Ni makubaliano ya bei. Chukulia mkulima na mchuuzi wa Kibaigwa wamekubaliana mwezi wa tatu kwamba mwezi wa saba gunia la mahindi ni 70,000. Mwezi wa saba ukifika kuna namna mbili za kumalizana. Ya kwanza, mkulima analeta gunia, mchuuzi anatoa hela, basi. Ya pili hakuna anayebeba gunia, wanaangalia soko siku hiyo linasemaje, likisema 80,000 mkulima anamtolea mchuuzi elfu kumi ya tofauti wanaachana hapo, mahindi kila mtu atajua mwenyewe anauza wapi au ananunua wapi. Fyucha za kripto karibu zote zinamalizwa kwa namna ya pili.

Soko la CME la Chicago lilianza fyucha za bitcoin Desemba 2017, mkataba mmoja bitcoin 5, halafu Mei 2021 wakaleta mdogo wa sehemu moja ya kumi ya bitcoin. Pale mkataba ukiisha hakuna anayepokea bitcoin hata chembe, dola tu zinahama kutoka kwa aliyekosea kwenda kwa aliyepatia. Septemba 2019 wakaja Bakkt, hao walianzishwa na ICE ambao ndo wenye soko la hisa la New York, wao mkataba ukiisha ulikuwa unapewa bitcoin yenyewe. Watu walishangilia sana, ila biashara haikuchangamka kama ilivyotarajiwa.

Kupokea mali yenyewe kuna mambo yake jamani. Tarehe 20 Aprili 2020 mkataba wa mafuta ghafi ya Marekani ulifunga siku kwenye HASI dola 37.63 kwa pipa, kwa sababu ule mkataba ukiisha unapokea mafuta kweli kwenye matangi ya Cushing kule Oklahoma, na korona ilikuwa imefunga dunia, matangi yanajaa, mwenye mkataba hana pa kuyaweka, ikabidi amlipe mtu amtoe kwenye mkataba. Bitcoin haihitaji tangi, lakini inahitaji mtu wa kutunza funguo, inahitaji bima, inahitaji wakaguzi, na taasisi nyingi hazitaki huo mzigo. Wanataka tofauti ya bei tu.

Sasa hapa ndo penye uzito wenyewe. Kama tunalipana tofauti ya bei, ni bei IPI? Bei ya kumalizia mkataba sio ile ya mwisho uliyoiona kwenye chati ya apu yako, na hapo ndo wengi wanalia.

Nimemshuhudia dogo mmoja pale Majengo siku ya Ijumaa, chai mezani inaganda utando, chapati haijaguswa, simu kaishika kwa mikono yote miwili. Kanunua mkataba kwa dola 60,400. Asubuhi nzima bei imelala kwenye 60,000. Ikabaki kama dakika mbili kufika saa tano, mshumaa wa kijani (alama ya bei kupanda kwenye chati) ukaruka mpaka 61,500, dogo akasimama, "nimetoboa!" Saa tano kamili mkataba ukafungwa, akaandikiwa hasara. Akaanza kutukana soko lake, mara wameiba, mara atawaripoti. Hakuna aliyemuibia. Soko lake linachukua wastani wa dakika 30 za mwisho. Dakika 28 kwenye 60,000 na dakika 2 kwenye 61,500, wastani wake ni 60,100. Yeye alinunua 60,400. Kapoteza 300 kwa kila bitcoin, ndo hesabu hiyo.

Deribit, soko la kripto la mtandaoni, wanatumia utaratibu wa namna hii, wastani wa indeksi yao (bei inayokusanywa kutoka masoko kadhaa) nusu saa kabla ya saa 08:00 ya UTC, saa za kimataifa, ambayo kwetu ni saa tano asubuhi. CME wao wana namba inaitwa BRR, inatengenezwa na kampuni ya CF Benchmarks ya London, nitaieleza chini mtu akiuliza maana uzi unakuwa mrefu.

Karibuni.

Sina Ajira UDOM

Mzee shikamoo. Nondo hizi. Sasa nauliza, kwanini wasitumie tu bei ya mwisho kama kila mtu anavyoiona? Hii ya kuchukua wastani mi naona ni uchakachuaji wa kisomi tu.

Binti Kondoa

Mdogo wangu ni kinyume chake, wastani upo ili bei ISICHAKACHULIWE. Mi ni mhasibu, ngoja nimsaidie mzee.

Fikiria bei ya mwisho ya sekunde moja ndo inaamua mikataba ya mamilioni ya dola. Mtu mwenye hela anafanyaje? Anashika longi kubwa (mkataba wa kunufaika bei ikipanda) kwenye fyucha, halafu sekunde ile ya mwisho anamwaga hela kidogo tu kununua bitcoin kwenye soko la kawaida ambalo halina wauzaji wengi muda ule, bei inaruka, mkataba unafungwa juu, faida ya kwenye fyucha inalipa gharama zote na chenji inabaki. Ukiweka wastani wa nusu saa inabidi aishikilie bei juu nusu saa nzima huku kila mwenye bitcoin duniani anamuuzia. Hiyo ni gharama nyingine kabisa.

BRR ya CME ndo nzuri zaidi kwa maoni yangu. Wanachukua saa nzima, saa tisa mpaka saa kumi jioni ya London, wanaikata vipande 12 vya dakika tano tano. Kila kipande wanachukua miamala iliyofanyika kwenye masoko kadhaa, wamo Coinbase, Kraken, Bitstamp na wengine, wanatafuta bei ya katikati kwa kuzingatia ukubwa wa miamala, sio wastani, BEI YA KATIKATI, yaani wanapanga bei zote kwa mstari halafu wanachukua ile ambayo nusu ya mzigo uko juu yake na nusu chini. Halafu zile namba 12 ndo wanazitafutia wastani. Kwa hiyo mtu akija na muamala mmoja wa ajabu ajabu wa bei ya juu mno unatupwa pembeni ya mstari, hausogezi sana kitu. Na akifanikiwa kuharibu kipande kimoja bado vipo 11.

Kwa saa zetu London ikiwa kiangazi hiyo inaisha saa kumi na mbili jioni, wakirudisha saa zao nyuma inakuwa saa moja usiku. Ni Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa mkataba. Wengi wanasahau hilo la saa kubadilika, Oktoba mwishoni unakuta mtu anashangaa mbona mkataba haujafungwa.

Na usiulize kama udanganyifu wa bei unawezekana, tafuta habari za tarehe 17 Mei 2019. Oda kubwa ya kuuza iliingia Bitstamp, bei ya pale peke yake ikaporomoka mpaka karibu na dola 6,200 wakati masoko mengine bei iko juu zaidi. Sasa BitMEX, soko la fyucha za kripto, indeksi yao ilikuwa inategemea masoko machache sana na Bitstamp ni mojawapo, watu wa longi wakafutwa, yaani mikataba yao ikafungwa kwa lazima, kwa bei ya soko ambalo hata hawajawahi kufungua akaunti. Tangu hapo masoko mengi yaliongeza vyanzo kwenye indeksi na kuweka sheria kwamba chanzo kikiachana sana na wenzake kinapunguzwa nguvu au kinatolewa.

Sina Ajira UDOM

Duuh. Sawa dada nimekuelewa. Kwa hiyo kabla ya kuingia natakiwa kujua indeksi inatoka masoko gani.

Binti Kondoa

Ndio. Iko kwenye ukurasa wa maelezo ya mkataba, ule ambao hakuna anayeufungua.

Kibaigwa Sokoni

Mzee wa Nkuhungu huo mfano wako wa mahindi umeurahisisha mno. Mi niko sokoni hapa miaka, mwezi wa saba bei ikipanda mkulima anazima simu. Ukimfuata nyumbani unaambiwa kasafiri kaenda Kiteto. Mkataba wa 70,000 unabaki kwenye karatasi. Sasa kwenye hizo fyucha zenu mtu wa upande wa pili niko naye wapi, yuko Korea yuko Brazili, akizima simu?

Mzee wa Nkuhungu

Swali zuri sana mkuu na umenikamata pazuri. Ndo maana mfano wa mahindi unaishia pale, huku upande wa pili humdai yule mtu. Unalidai soko.

CME wana kitengo cha kusafisha mahesabu, kinasimama katikati. Wewe ukinunua, kwa karatasi umenunua kutoka kwao, na aliyeuza kawauzia wao. Halafu hawasubiri mwezi wa saba. Kila siku jioni wanatoa bei ya siku, kwa bitcoin wanaangalia dakika moja ya mwisho kabla ya saa tisa alasiri ya Chicago, aliyepata hasara siku hiyo anatoa hela siku hiyo hiyo, aliyepata faida anawekewa. Kwa hiyo siku ya mwisho ikifika kinachobaki kulipana ni tofauti ya siku moja tu, nyingine zote zimeshahamishwa kidogo kidogo. Anayezima simu anafungiwa mkataba na ile dhamana aliyoweka mwanzoni inakula hasara yake. Dhamana haipungui hivi hivi ukaachwa, unapigiwa simu uongeze.

Masoko ya kripto yenyewe, hawa wa Binance, Bybit, OKX na wenzao, hawapigi simu. Kompyuta inakuangalia kila sekunde, dhamana ikishuka chini ya kiwango inakufunga yenyewe, ndo huko kulikwidetiwa mnakokusikia. Na kukufunga hawatumii bei ya muamala wa mwisho, wanatumia bei ya maki, inayotokana na indeksi pamoja na tofauti ya mkataba na spoti (bei ya kununua bitcoin yenyewe papo hapo) iliyolainishwa. Ndo maana unaweza kuona mkia wa mshumaa umegusa bei yako ya kufa (ya kufungwa kwa lazima) ukabaki mzima, na siku nyingine ukafa bila chati ya mkataba wako kugusa.

Kibaigwa Sokoni

Na kompyuta ikichelewa? Bei ikishuka kama jiwe wakashindwa kumfunga kwa bei nzuri, hasara imezidi dhamana yake, hiyo inayozidi analipa nani?

Mzee wa Nkuhungu

Huyu mzee wa mahindi angekuwa mkaguzi 😂 Kuna mfuko wa bima wa soko, unajazwa na mabaki ya dhamana za waliofungwa kwa bei nzuri kidogo. Mfuko ukitosha unalipa. Usipotosha, zamani walikuwa wanawakata wenye faida wote kwa asilimia. Julai 2018 kwenye OKEx, ambao sasa ndo OKX, mtu mmoja alikuwa na longi ya dola milioni 416, ikafa, soko likatoa bitcoin 2,500 mfukoni kwake kuziba, bado haikutosha, waliokuwa na faida wakakatwa. Siku hizi wengi wanatumia njia nyingine ya kuwafungia mikataba wenye faida kubwa na levareji kubwa (mkataba mkubwa kwa dhamana ndogo), mmoja mmoja kwa foleni.

Mtoto wa Chang'ombe

HAPO HAPO mzee. Mimi hiyo foleni ilinikuta. Usiku wa kuamkia Jumamosi ile ya Oktoba 2025, tarehe 10 kuamkia 11, Trump katangaza ushuru wa asilimia 100 kwa China, soko zima likashuka kama lifti iliyokatika kamba. Mi nilikuwa na SHOTI, yaani napata bei ikishuka. Naangalia faida inapanda najiambia leo nalala tajiri, mara naona mkataba wangu haupo. Umefungwa. Sikuufunga mimi. Soko linasema "umepunguziwa kiotomatiki". Faida ya mpaka pale nimepewa, ila bei ikaendelea kushuka mimi niko nje nimekaa kitandani naangalia ukuta. Nikawaandikia sapoti wakanijibu kistaarabu sana kwamba ipo kwenye masharti. Inaniuma mpaka leo, mtu umepatia unaadhibiwa kwa kosa la mwingine.

Mpwayungu Asilia

Pole mkuu. Siku ile mikataba ya zaidi ya dola bilioni 19 ilifutwa ndani ya masaa 24, hizo ni takwimu za CoinGlass, tovuti inayofuatilia masoko haya, na masoko kadhaa yalitumia hiyo foleni.

Ila tusidanganyane, faida yako ulikuwa unalipwa na hasara ya mtu mwingine, fyucha ni hivyo, akifilisika mtu wa upande wa pili na mfuko ukakauka hakuna hela ya kukulipa hapo juu zaidi. Wangekuacha wazi namba ingeendelea kupanda kwenye skrini halafu siku ya kutoa ukakuta soko halina kitu. Mi bora wanifunge nikiwa na faida. Kinachonikera ni kingine, hiyo taa ndogo ya kuonyesha uko nafasi ya ngapi kwenye foleni wanaificha kona huko ambako hata ukitafuta kwa tochi huioni.

Mtoto wa Chang'ombe

Sawa naelewa kwa akili. Moyo haujaelewa.

Kijiti cha Zabibu

Wakuu mbona mnaongelea Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mi mkataba wangu hauna tarehe kabisa. Nimekaa nao wiki ya tatu sasa hamna aliyeniambia unaisha. Halafu balansi inapungua kidogo kidogo bila bei kusogea. Nimemuuliza admini wa grupu kasema ni "mtandao". Naomba mnisaidie nina longi ya dola 5,000 kwa dhamana ya 250.

Binti Kondoa

Mtandao 😂😂😂 jamani admini.

Wewe uko kwenye mkataba usio na mwisho, wenyewe wanaita pepu. Wazo lake aliliandika mchumi wa Yale anaitwa Robert Shiller mwanzoni mwa miaka ya 1990, hakuwa anafikiria bitcoin, alikuwa anafikiria vitu kama nyumba ambavyo havina soko la bei la kila siku. BitMEX wakalileta kwenye kripto mwaka 2016 na leo ndo mkataba unaochezwa kuliko yote.

Tatizo ni hili. Mkataba wenye tarehe hauwezi kuachana na bei ya spoti milele, kwa sababu siku ya mwisho inajulikana utafungwa kwa indeksi, kwa hiyo kadri siku zinavyokaribia bei mbili zinasogeleana zenyewe. Ukiwa hauna tarehe nini kitaivuta? Ndo wakaweka fandingi. Bei ya pepu ikiwa juu ya spoti, wenye longi wanawalipa wenye shoti. Ikiwa chini, wenye shoti wanawalipa wenye longi. Soko kwa kawaida halichukui hiyo hela, ni nyie kwa nyie. Kwa hiyo ni kama kila baada ya masaa nane mnafanya hesabu ndogo ya kumalizana halafu mnaendelea.

Binance mara nyingi ni saa 0, saa 8 na saa 16 za UTC, kwetu saa tisa usiku, saa tano asubuhi na saa moja usiku. BitMEX wao ni saa moja asubuhi, saa tisa alasiri na saa tano usiku. Baadhi ya mikataba ni kila masaa manne, kuna soko wanafanya kila saa. Ukiwa umeufunga mkataba kabla ya muda huo kufika haulipi wala haulipwi.

Sasa hesabu yako. Soko likitulia fandingi huwa inakaa 0.01% kwa masaa nane. Dola 5,000 mara hiyo ni senti 50. Mara tatu kwa siku dola moja na nusu. Kwa siku 30 dola 45. Inaonekana ndogo eeh? Lakini wewe hukuweka 5,000, uliweka 250. 45 kwa 250 ni asilimia 18 ya hela yako kwa mwezi na bei haijasogea hata nukta. Na soko likiwa na wazimu wa kupanda, fandingi inaweza kufika 0.1%, hapo ni dola 15 kwa siku, asilimia 6 ya mtaji wako kila siku inayokuja. FANDINGI INAHESABIWA KWENYE UKUBWA WA MKATABA, SIO KWENYE DHAMANA. Andika ukutani.

Na kadri dhamana inavyoliwa, bei yako ya kufa inasogea karibu.

Kijiti cha Zabibu

Yesu wangu. Kwa hiyo nafunga?

Binti Kondoa

Mimi sikwambii funga wala acha mdogo wangu, nimekupa hesabu. Ila kama ulitaka kukaa na bitcoin kwa miezi, kuna kitu kinaitwa kununua bitcoin.

Tembo wa Manyoni

Niongezee moja ambayo hamjaigusa, malipo yanatoka kwa NINI. Kuna mikataba inahesabiwa na kulipwa kwa tether (sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola), hiyo rahisi, bei imetoka 60,000 kwenda 63,000 una sehemu moja ya kumi ya bitcoin unapata 300, kwisha. Lakini kuna ile ya zamani ya BitMEX na ipo mpaka leo sehemu nyingi, unaweka dhamana bitcoin, mkataba mmoja una thamani ya dola moja, na faida au hasara unalipwa kwa BITCOIN. Hiyo ina mtego watu hawauoni.

Chukua longi ya mikataba 60,000 bei ikiwa 60,000, hiyo ni sawa na bitcoin moja. Hesabu yake unachukua idadi ya mikataba, unagawanya kwa bei ya kuingia, unatoa ukigawanya kwa bei ya kutokea. Bei ikipanda mpaka 75,000, ni 1 kutoa 0.8, faida bitcoin 0.2. Sasa ishuke mpaka 50,000, ni 1 kutoa 1.2, hasara bitcoin 0.2. Umeona? Ilibidi ipande dola 15,000 kukupa kile kile ambacho dola 10,000 za kushuka zinakunyang'anya. Na ishuke mpaka 40,000 hasara ni nusu bitcoin nzima. Halafu dhamana yako yenyewe ni bitcoin, inashuka thamani muda huo huo. Unaumia mara mbili kwa mpigo mmoja.

Kwa mwenye shoti ni tofauti kabisa, ukiwa na bitcoin moja kwenye dhamana na shoti ya bitcoin moja bila levareji, thamani yako kwa dola inabaki pale pale bei iende juu iende chini. Wachimbaji wa bitcoin wanapenda hiyo, wanafunga bei yao wanalala.

Mzee wa Nkuhungu

Umemaliza Tembo. Hii ningeisahau kabisa.

Mama Ipagala

Nimesoma uzi wote huku nakaanga maandazi. Wanangu mimi naona hii ni kamari yenye hesabu nyingi. Halafu Benki Kuu si walishakataza hizi hela?

Mpwayungu Asilia

Shikamoo mama. Novemba 2019 Benki Kuu walitoa tangazo kwamba sarafu za kidijitali sio fedha halali hapa nchini na wakatahadharisha watu. Juni 2021 Rais Samia akawaambia wajiandae maana zinakuja. Halafu Sheria ya Fedha ya 2024, hiyo imepita hapa hapa Bungeni Dodoma, ikaweka kodi ya zuio asilimia 3 kwenye uhamishaji wa mali za kidijitali kuanzia Julai 2024. Kwa hiyo kodi ipo, ila ukidhulumiwa na soko la nje kwenye mkataba wa fyucha huna dirisha la kugonga pale mjini ukasema nisaidieni.

Na hapo ndo mi nakubaliana na wewe mama kwa sehemu. Hizi kanuni zote nzuri za indeksi na wastani zina maana kama soko lenyewe lina hela. FTX, soko kubwa la kripto la nje, walikuwa na kanuni nzuri tu, mfuko wa bima wakautangaza, tarehe 11 Novemba 2022 wakaomba kufilisika. Mikataba ilihesabiwa vizuri, faida zikaandikwa vizuri, za kulipa hazikuwepo.

Mama Ipagala

Basi mmeniogopesha zaidi. Narudi kwenye maandazi yangu.

Sina Ajira UDOM

Swali la mwisho wakuu. Ni lazima nisubiri mpaka hiyo Ijumaa? Na nikitaka kuendelea baada ya Ijumaa?

Mzee wa Nkuhungu

Sio lazima. Walio wengi wanatoka kabla. Ukiwa na longi unauza mkataba ule ule, inafutana, umemaliza kwa bei ya muda huo, hutahusika tena na wastani wala BRR. Ukitaka kuendelea unauza wa mwezi huu na kununua wa mwezi ujao kwa pamoja. Ila angalia tofauti ya bei ya miezi hiyo miwili, mara nyingi wa mbele uko juu, hiyo tofauti ndo gharama yako ya kukaa, ni ndugu yake na fandingi. Na usisubiri nusu saa ya mwisho ndo uanze kuhama, muda ule bei ya mkataba inakuwa imeshaanza kufuata wastani unaohesabiwa, wanunuzi wanapungua, unauza kwa bei ya kutupa.

Sina Ajira UDOM

Na nikitaka kuhakiki kwamba wamenifungia kwa bei sahihi?

Tembo wa Manyoni

Ingia historia ya miamala, sio historia ya oda. Utakuta mstari wa kufungwa kwa mkataba una bei yake na muda wake. Halafu ingia ukurasa wa indeksi wa soko hilo, wengi wanaweka bei za kumalizia za nyuma zote, linganisha. Kama mkataba ni wa kulipwa kwa tether piga bei ya kufungia toa bei yako ya kuingia mara ukubwa, toa makato. Kama ni wa kulipwa kwa bitcoin tumia hesabu yangu ya juu. Ikigoma kulingana piga skrinishoti zote mbili na namba ya mkataba uwatumie sapoti siku hiyo hiyo.

Kijiti cha Zabibu

Nimefunga longi. Fandingi ya wiki zote tatu imekula dola 38 na senti. Admini kanitoa kwenye grupu baada ya kuwatumia huu uzi.